Kura Zetu za Kando ya Ziwa: Hesabu Zinasema Nini?

(Hotuba ya mwanachama wetu, mhasibu, kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa umoja, Dar es Salaam)

   

Kamati ilinipa kazi moja, nayo ni kuzitazama kura za uchaguzi wa chama cha wenye viwanja vya kando ya ziwa kule nyumbani, uchaguzi ambao tangu umalizike hatujalala. Niliombwa nizitazame kwa jicho la kihasibu, kisha nije kuwaeleza nilichokiona. Sitataja jina la mgombea wala la ukoo. Na namba nitakazotumia leo ni za mfano tu, nimezitunga ziwe nyepesi kichwani. Namba halisi ziko kwenye taarifa niliyomkabidhi Mwenyekiti, na mwanachama yeyote anaweza kuisoma.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili limeletwa kwenye harambee. Mwaka huu tunachangia banda la mama zetu wanaouza dagaa na samaki pale mwaloni, pamoja na vyoo na tangi la maji ya mvua. Ili banda lifikike, wenye viwanja lazima waache njia ya kupita hadi majini. Njia hiyo haitolewi na umoja wetu. Inatolewa na wenye viwanja kupitia kamati yao. Kamati ndiyo hiyo ambayo nusu ya watu wanasema imechaguliwa kihalali na nusu nyingine wanasema imeiba kura. Wapo wanachama walioniambia wazi kwamba hawatoi hata shilingi mpaka ugomvi huu uishe. Kwa hiyo tusipouelewa uchaguzi ule, banda halijengwi, na mama zetu wataendelea kuanika dagaa chini na kuuza wakiwa juani.

Ugomvi wenyewe ni wa nini?

Ukerewe ni kisiwa, na ardhi yetu haiongezeki. Ila maji ndiyo yanaongezeka. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kuliko wakati wowote tangu lianze kupimwa mwishoni mwa karne ya 19, likapita hata kiwango cha 1964 ambacho wazee wetu wanakikumbuka. Mwaka 2024 likapanda tena. Mwenye kiwanja cha mbele alishuhudia migomba yake ikisimama majini. Wa nyuma yake akajikuta amekuwa jirani wa ziwa bila kuomba.

Juu ya hilo kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ziwa likisogea, watu wanaanza kuulizana mita 60 zinahesabiwa kutoka wapi. Hapo maslahi yanagawanyika. Wa mstari wa mbele anataka kulinda kipande kilichobaki, ikiwezekana kwa uzio. Wa mstari wa nyuma anataka njia ya kufika majini kuteka maji, kuegesha mtumbwi na kunywesha ng'ombe. Wa mjini mwenye kiwanja kama akiba ya uzee anataka thamani isishuke. Wa nyumbani anataka kuishi leo.

Mgawanyiko huu si wa kwetu peke yetu. Marekani, katika majimbo yenye maziwa mengi kama Michigan, Wisconsin na Minnesota, vyama vya wenye nyumba za kando ya ziwa ni jambo la kawaida, na ugomvi wa watu wa mbele na watu wa nyuma juu ya njia ya majini umefika mahakamani mara nyingi. Kwa hiyo anayesema ugomvi wetu ni uchawi wa ukoo fulani, namwomba atulie. Ni ugomvi wa kawaida wa watu wanaogombea ukingo mmoja.

Swali la kwanza: mpiga kura ni nani?

Mhasibu akipewa hesabu yoyote, haanzi na jumla. Anaanza na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kura nazo ni hivyo hivyo.

Tuchukue mfano. Kuna viwanja 100 kando ya ziwa. Watu 50 wana kiwanja kimoja kimoja, na watu 10 wana viwanja vitano vitano. Jumla wenye viwanja ni 60. Sasa wapige kura kuhusu uzio: wenye kimoja wote wanaukataa, wenye vitano wote wanautaka. Tukihesabu vichwa, uzio umekataliwa kwa kura 50 dhidi ya 10. Tukihesabu viwanja, ni 50 kwa 50. Akihama mtu mmoja tu mwenye kiwanja kimoja, uzio unapita kwa 51 dhidi ya 49. Watu ni wale wale na mawazo ni yale yale, lakini jibu limegeuka.

Ipi ni haki? Zote mbili zina historia ndefu. Vyama vya ushirika, tangu wale wafumaji wa Rochdale kule Uingereza walipoanzisha chama chao mwaka 1844, vimeshika kanuni ya mwanachama mmoja kura moja, hata kama mwenzako ana hisa nyingi. Wazee wetu waliouza pamba kupitia ushirika wanaijua kanuni hiyo. Makampuni yanahesabu hisa: mwenye nyingi ana sauti kubwa. Chama cha wenye viwanja kinaweza kuchagua njia yoyote kati ya hizo, ilimradi imeandikwa kwenye katiba kabla kura hazijapigwa.

Katiba ya chama chetu cha viwanja inasema, "kila mwenye kiwanja atapiga kura." Basi, imeishia hapo. Mmoja ameisoma kuwa kila mtu ana kura moja. Mwingine ameisoma kuwa kila kiwanja kina kura. Siku ya uchaguzi msimamizi alishika tafsiri moja, na waliokuwa na tafsiri ya pili wakatoka wakisema wameibiwa. Wote wawili walikuwa na hoja.

Daftari lina tatizo jingine, na hili naomba tulisikilize kwa heshima. Baadhi ya majina yaliyomo ni ya wazee wetu waliotangulia mbele za haki. Kiwanja bado kinaitwa cha mzee fulani, mirathi haijafunguliwa, na watoto watano wako sehemu tano. Siku ya kura anakuja mmoja wao aliye karibu, anapiga kwa jina la marehemu. Wenzake hawakuulizwa. Mjane anayelima kiwanja kile kila siku jina lake halimo kabisa. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Daftari letu halijafika 1999.

Swali la pili: nani alikuja?

Kura inahesabiwa kwa waliofika. Tarehe na mahali pa mkutano vinaamua mengi kabla mgombea hajasimama kuomba kura. Mkutano ukiitishwa mwishoni mwa Desemba, wa mjini wamejaa nyumbani. Ukiitishwa katikati ya mwezi wa kawaida, wa mjini anapaswa kuomba ruhusa kazini, apande basi hadi Mwanza, kisha meli ya Nansio, au azunguke na kivuko cha Kisorya hadi Rugezi. Hakuna aliyemkataza, lakini hakuja.

Kwa hiyo ukiona matokeo, uliza: hawa ni asilimia ngapi ya wote? Turudi kwenye mfano, tuseme safari hii chama kina wanachama 100. Wamefika 40. Wagombea uenyekiti ni watatu: wa kwanza amepata 16, wa pili 14, wa tatu 10. Mshindi ana asilimia 40 ya waliofika, na asilimia 16 tu ya chama chote. Ameshinda, ndiyo. Lakini akisimama kesho kusema "wanachama wameniagiza", azungumze kwa unyenyekevu.

Tutazame zaidi. Tuseme wale 10 waliompa wa tatu, mtu wao asingekuwepo, wote wangempa wa pili. Basi wa pili angekuwa na 24, na wa kwanza angebaki na 16. Aliyeshinda ni yule ambaye watu 24 kati ya 40 hawakumtaka. Jambo hili liligunduliwa zamani. Mfaransa aitwaye Condorcet aliandika juu yake mwaka 1785, akaonyesha kwamba mwenye kura nyingi kuliko kila mmoja si lazima awe anayependwa na wengi akilinganishwa na mwenzake mmoja mmoja. Dawa yake mojawapo ni duru ya pili. Majirani zetu Kenya wameiweka kwenye Katiba yao ya 2010: rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura, pamoja na sharti la asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, la sivyo wanarudi kupiga tena. Sisi Tanzania, tangu mabadiliko ya mwaka 2000, anayeongoza ndiye anayetangazwa. Kila nchi imechagua njia yake na ikaiandika. Chama chetu hakijaandika chochote.

Swali la tatu: wajumbe wa kamati walipatikanaje?

Hapa ndipo malalamiko ni makali zaidi. Nafasi za ujumbe zilikuwa saba, na kila mpiga kura aliruhusiwa kuandika majina saba. Zote saba zimekwenda upande mmoja, na watu wanasema haiwezekani bila wizi.

Ndugu zangu, inawezekana bila wizi kabisa. Wapiga kura 40, watu 21 wamekubaliana orodha moja ya majina saba, watu 19 wana orodha yao. Kila jina la orodha ya kwanza litapata kura 21. Kila jina la orodha ya pili litapata 19. Matokeo: saba kwa sifuri. Wenye karibu nusu ya chama hawana hata kiti kimoja. Hakuna aliyeiba. Ni utaratibu wa kupiga kura ndio unaompa kila kitu anayezidi kidogo.

Wavuvi wetu wamelitatua hili kabla yetu. Mtu wa Ukerewe hahitaji kuambiwa BMU ni nini. Miongozo ya pamoja ya BMU kwa nchi zetu tatu za Ziwa Victoria inagawa kamati kwa mafungu: asilimia 30 wenye mitumbwi, asilimia 30 wavuvi wanaoingia majini, asilimia 10 wachuuzi wa samaki, na asilimia 30 wadau wengine kama mafundi wa mitumbwi na nyavu. Na wanawake wasipungue watatu. Walijua kwamba wakiacha wazi, wenye mitumbwi watachukua viti vyote. Hata Baraza la Ardhi la Kijiji, sheria inataka wajumbe saba na kati yao watatu wawe wanawake. Kamati yetu ya viwanja ina mwanamke mmoja.

Kura za barua

Wapo waliokuja na barua za wenzao. Mmoja alikuwa nazo nyingi, na picha yake akiwa amezishika imezunguka kwenye simu zetu zote. Kupiga kura kwa niaba ya mwenzako si kosa ikiwa katiba inaruhusu. Katiba yetu haikuruhusu wala haikukataza. Wenzetu wa Wisconsin wamelikata mapema. Wana wilaya za maziwa zilizoundwa kwa sheria ya jimbo tangu miaka ya 1970, ambamo mkazi wa pale na mwenye mali anayeishi mbali wote wana haki ya kupiga kura kwenye mkutano wa mwaka. Lakini lazima ufike mwenyewe. Hakuna kura ya barua wala ya kuwakilishwa. Sisi ambao nusu yetu tuko mbali pengine hatutaweza kuwa wakali kiasi hicho. Lakini tunaweza kusema mtu mmoja asibebe zaidi ya barua mbili, zifike kwa katibu siku saba kabla, na orodha yake ibandikwe ukutani.

Je, kura ziliibwa?

Najua hili ndilo mnalolisubiri. Nilifanya kazi ile ile ninayofanya nikilinganisha kitabu cha benki na taarifa ya benki. Karatasi zilizotolewa lazima zilingane na zilizomo sandukuni, pamoja na zilizoharibika na zilizorudishwa. Idadi ya waliosaini lazima ilingane na karatasi zilizotolewa. Kura za wajumbe wote zikijumlishwa haziwezi kuzidi idadi ya karatasi mara saba. Sandukuni zikipungua moja au mbili, mtu aliondoka nayo mfukoni. Zikizidi hata moja, hapo tuitane.

Hazikuzidi. Saini, karatasi na hesabu zimekubaliana. Hakuna karatasi niliyoikuta ambayo haikutoka kwa katibu. Kwa ushahidi uliopo mezani, kura hazikuibwa. Kilichokosekana ni kanuni. Uchaguzi ulifanyika juu ya daftari chafu na katiba yenye mapengo, na kila aliyeshindwa alipata pengo la kulia nalo.

Na kuna jambo moja nalikataa kwa nguvu zote. Kuna watu wamekaa na matokeo wakasema, eneo lile la viwanja lilimpa fulani kura nyingi, kwa hiyo watu wa ukoo ule ndio waliotusaliti. Kitakwimu hilo ni kosa linalojulikana. Mwaka 1950 Mmarekani aitwaye Robinson alichukua takwimu za sensa ya nchi yake ya 1930. Akaona majimbo yenye wahamiaji wengi ndiyo yenye watu wengi wanaojua kusoma. Mtu wa haraka angesema wahamiaji ndio wasomi. Alipotazama mtu mmoja mmoja akakuta kinyume: wahamiaji ndio waliokuwa nyuma kwa kusoma, ila walikuwa wamehamia kwenye majimbo yaliyoendelea. Jumla ya eneo haikuambii siri ya mtu. Sanduku letu lilikuwa la siri. Anayesema anajua jirani yake alimpigia nani, anabahatisha, na kwa kubahatisha huko tayari kuna ndugu hawasalimiani msibani.

Ninachopendekeza

Kwanza, kamati iliyopo itambuliwe, ifanye kazi hadi mkutano mkuu wa Desemba nyumbani, na isiamue jambo la kudumu juu ya uzio kabla ya hapo.

Pili, daftari lisafishwe kabla ya Desemba. Kila kiwanja kiwe na jina la aliye hai, na familia ambazo mirathi haijafunguliwa ziandike kwa maandishi nani anawawakilisha. Wajane wasiachwe. Wanasheria wetu wawili wamejitolea kusaidia bila malipo.

Tatu, katiba irekebishwe na ipelekwe kwa Msajili wa Jumuiya. Iseme wazi kura ni ya mtu au ya kiwanja, akidi ni kiasi gani, duru ya pili inahitajika lini, na barua zinapokelewaje. Maoni yangu binafsi ni mtu mmoja kura moja kwa viongozi, na kwa mambo yanayogusa mipaka ya viwanja tutafute theluthi mbili.

Nne, viti vya kamati vigawanywe kwa mafungu kama BMU: mstari wa mbele, mstari wa nyuma, wakazi wa nyumbani, walio mbali, na wanawake wasipungue watatu.

Tano, na hili ndilo kubwa leo: njia ya mwaloni isisubiri Desemba. Nimezungumza na pande zote mbili. Wote wamesema njia ya mama zetu si sehemu ya ugomvi wao, na wako tayari kuweka saini kwa pamoja. Kabla ya kufunguliwa kwa harambee hii, Mwenyekiti amenionyesha saini tatu kati ya nne zinazohitajika kwenye viwanja ambavyo njia itapita. Ya nne iko kwa ndugu yetu mmoja aliye ndani ya ukumbi huu. Simtaji. Namheshimu, na kiwanja ni chake.

Nawaomba wale mlioapa kutotoa shilingi mpaka ugomvi uishe, mfikirie upya. Mkishikilia fedha, hamwadhibu aliyeshinda wala aliyeshindwa. Mnamwadhibu anayeanika dagaa. Fedha za banda zina akaunti yake, watia saini watatu, na taarifa ya kila shilingi itachapwa kwenye kijitabu cha mwakani. Nitaikagua mwenyewe pamoja na wakaguzi wawili mtakaowachagua leo, mmoja kutoka kila upande.

Kadi za ahadi ziko mezani kwenu. Aliye na fedha taslimu, mweka hazina yuko pale kulia na kitabu cha stakabadhi. Usiondoke bila stakabadhi yako.